Foleni ya Akina Mama

Garsen nzima ilikuwa imeshaiona ile picha kabla Gumato hajaiona. Mji huu una tabia hiyo: habari ya nyumba yako itapita kwa majirani wote, itakaribishwa chai, itapumzika, halafu ndipo ikukumbuke wewe mwenyewe.

Alikuwa amepeleka maziwa kwenye hoteli ya Jibril kama kila asubuhi. Jibril alikuwa Muorma mwenzao aliyeacha ng'ombe akafungua hoteli kando ya barabara ya kwenda Lamu, na tangu aachane na ng'ombe ulimi wake ulikuwa umepata nafasi ya kutosha. Aliyapokea maziwa, akayanusa, akayamimina kwenye sufuria, kisha akauliza kwa sauti ya kufika meza ya mwisho:

"Na Mama Foleni hajambo huko nyumbani?"

Wanaume waliokuwa wakinywa chai wakaangua kicheko. Gumato akawatazama mmoja mmoja. "Mama Foleni ni nani?"

"Muulize binti yako. Yeye ndiye aliyemtangaza."

Kitabu kilikuwa mezani, ncha zake zimelowa chai. Gumato alikijua, ingawa hakuwa amekifungua. Kilikuwa kitabu cha katuni alichokichora Kadra, mwanawe wa pekee, huko Mombasa. Kiliitwa Kwetu Majini, na ndani yake Kadra alikuwa amejichora mwenyewe, na nyumba yao, na mafuriko ya El Nino ya mwaka juzi. Gumato alikuwa amejigamba nacho sokoni mpaka watu wakachoka. Sasa Jibril akakifungua palepale kilipozoea kufunguka, akamgeuzia.

Gumato hakusoma, lakini picha haihitaji darasa. Aliona magunia ya mahindi, meza ya karani, na foleni ndefu ya wanawake, leso vichwani, makarai mikononi. Katikati yao alisimama mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameining'iniza juu yake, kichwa kimeinama. Wanawake wa mbele yake na wa nyuma yake walikuwa wanacheka, vinywa wazi. Hata kama angechorwa bila sura, namna ile ya kushika fimbo Gumato angeijua popote. Ilikuwa ya mumewe.

Mteja mmoja akamsomea maneno ya chini bila kuombwa: "Aliyejaza tambarare kwa ng'ombe, leo anajaza foleni ya akina mama."

Gumato aliona haya, kisha akaona hasira, na hasira ikawa kubwa zaidi. Hakumkasirikia Kadra peke yake. Aliwakasirikia wote waliokuwa wakicheka pale, na zaidi Jibril, kwa sababu katika Garsen yote Jibril alikuwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kuicheka picha ile. Mwenyewe hakulijua hilo, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote.

"Jumamosi baada ya Alasiri anakuja kuzungumza ukumbini," Jibril alisema akifuta meza. "Mwalimu Buya ametangaza shuleni na msikitini. Tutakuja wote. Tumwulize baba yake alijitanda leso ya rangi gani."

Gumato alichukua jerikani lake tupu, akatoka bila kuaga.

* * *

Sokoni aliketi mahali pake, karibu na Kaviha, Mpokomo wa Ngao aliyeuza ndizi. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka mingi, mmoja na maziwa, mwingine na ndizi, na walijuana hata kwa kukohoa.

"Umeiona," Kaviha alisema.

"Nimeiona."

"Mimi nimo ukurasa wa nyuma yake. Amenichora kama pipa la mafuta ya taa." Kaviha akangoja mwenzake acheke, akaona hacheki. "Mama Kadra, kwani yule mtoto hajui ilikuwaje?"

"Angejuaje? Alikuwa na homa, amelala kwenye baraza ya zahanati. Aliona kwa mbali. Halafu akaenda Mombasa kwa mjomba wake, na baba yake alisema jambo lile lisisemwe."

Ilikuwa hivi, na wanawake wote waliokuwa pale waliikumbuka siku hiyo. Maji yalikuwa yamemeza mashamba na malisho, watu wamejazana mahali palipoinuka, na chakula cha msaada kilikuwa kikigawiwa akina mama tu, kwa sababu kile walichopewa wanaume awali kilionekana madukani. Kila mwanamke alifika mezani, akataja jina lake na jina la mumewe, akapimiwa. Karani alikuwa kijana wa bara, matope hadi magotini, amechoka, hana ubaya na mtu. Ila kwa wanawake wa Kiorma wa umri wa Gumato, mke hatamki jina la mumewe. Si kwa kuogopa. Ni heshima, na wameizoea tangu siku ya harusi kama walivyozoea kuvua viatu mlangoni. Siku za kawaida jambo hilo halimsumbui mtu: mtoto anamtajia mama yake, au jirani anamtajia jirani. Lakini siku ile watoto walikuwa wamefukuzwa pale mezani, na yeyote aliyemsemea mwenzake alihesabiwa mwizi anayetaka kula mara mbili.

"Mimi nilijaribu kukutajia," Kaviha alisema. "Karani akaniambia nikifungua mdomo tena nitarudi Ngao na karai tupu."

"Nakumbuka."

Jina la mume? Kimya. Mama, nakuuliza jina la mume! Gumato alijibu, "Baba Kadra." Karani akasema Baba Kadra si jina, kila mtu ni baba wa mtu. Akaona hawa wanaonyamaza wanaficha jina ili waandikwe mara mbili. Wakatolewa kando, Gumato na wenzake, na nyumba zao zikalala kwa kunywa maji ya moto matupu.

Siku iliyofuata mume wa Gumato, Halkano, alikuja akasimama nyuma ya mkewe. Karani alimwambia wanaume hawapewi. "Sikuja kupewa," alijibu. "Nimekuja kujitaja." Karani, kwa kumkomoa tu, akasema anayetaka kusema pale apange foleni kutoka mwisho kama akina mama wengine. Halkano akaenda mwisho, akapanga, akafika, akajitaja, na mkewe akapimiwa mahindi. Kabla hawajaondoka mwanamke mmoja akajifunika uso kwa leso akamwambia, "Kaka, na mimi." Halkano akarudi mwisho wa foleni pamoja naye, na karani akamkubali, maana mwanamume hapewi chakula, basi hawezi kula mara mbili. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Jua lilizama Halkano akiwa bado anawatajia wanawake majina ya waume zao, waume waliokuwa mbali na mifugo au mbali kwa sababu nyingine. Mara moja karani alimwuliza, "Mzee, hawa wote ni wako?" naye akajibu, "Wana wenyewe. Mimi wamenikodi mdomo tu." Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hicho ndicho kicheko alichokiona Kadra kutoka kwenye baraza ya zahanati.

Na mmoja wa wanawake wale alikuwa Halima, mke wa Jibril. Jibril wakati huo alikuwa amekimbilia Malindi na magunia yake ya sukari. Aliporudi aliwaambia watu hotelini kwamba alikuwa akiipelekea familia yake chakula. Halkano alimsikia kwa masikio yake, akanywa chai yake, akaenda zake.

"Simama Jumamosi useme," Kaviha alisema.

"Nitasemaje? Jambo lenyewe lote ni jina, na jina silitamki."

Kaviha alimenya ndizi, akampa nusu.

* * *

Kadra alifika Ijumaa jioni, mkoba begani, bomba kubwa la karatasi za manila kwapani. Halkano alikuwa ameketi mbele ya nyumba. Alipomwona aligeuza kigoda, akampa mgongo.

"Mama Kadra," alisema, "mwambie mgeni wako chai iko tayari, lakini haina sukari."

"Kwa nini haina sukari?" Gumato aliuliza, maana alikuwa amemtuma yeye dukani.

"Nilikwenda. Watu walikuwa wamepanga. Waliponiona wakanipisha. 'Mpisheni mama, mpisheni mama apite.' Nikarudi."

Kadra aliweka mkoba chini. Alikuwa na macho ya baba yake na ukaidi wa baba yake, na kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa nyumbani siku hiyo.

"Baba, mimi niko hapa. Niambie mimi."

"Mama Kadra, mwambie mimi nazungumza na wewe. Mwambie kesho asimame mbele ya watu aseme picha ile ni uongo. Aliitunga ili kitabu kinunuliwe."

"Mama, mwambie baba siwezi." Kadra hakupunguza sauti. "Kitabu changu hakina kitu kingine cha kujivunia isipokuwa kwamba ni kweli. Nikisema ukurasa mmoja ni uongo, nimezifuta kurasa zote. Ng'ombe waliozama, mashamba, wale watoto tuliowazika. Watu watasema hata njaa tuliitunga."

"Mwambie wale ng'ombe niliwavuta mimi kutoka majini wakiwa wamefura. Asinifundishe mafuriko."

"Mwambie sikumcheka. Nilipokuwa nachora ukurasa ule nililia. Kwangu mimi ule ulikuwa ukurasa wa njaa."

Mabega ya Halkano yalisogea kidogo, lakini hakugeuka. "Mwambie kesho picha ile ikitundikwa, na yeye asiseme kwamba ni uongo, mimi nahamia Ndera kwa ndugu yangu na hao ng'ombe waliobaki. Wala msinifuate."

Alinyanyuka akaenda zizini. Gumato akamfuata, na hapo hakuwa tena mjumbe wa mtu.

"Sema wewe basi ilivyokuwa. Maneno machache tu, watu watanyamaza."

"Nikisema, nitakuwa nimewaanika waume za watu. Mtu akirudi nyumbani akakuta watoto wake wazima, usimwulize alikuwa wapi."

"Na wewe unavyoanikwa?"

"Mimi nahama."

"Na mimi je?"

Halkano alimpapasa ndama shingoni. "Wewe una binti msomi," alisema.

Neno lile lilimchoma Gumato kuliko yote ya hotelini. Walikuwa wamezika watoto wawili pamoja, wamepoteza mifugo pamoja, wamekunywa maji ya moto pamoja, na leo anaachwa kama mtungi uliosahauliwa kambini. Alisimama pale akimtazama mgongoni.

"Kesho hukumu yako isubiri mpaka kikao kimalizike," alisema. "Hilo tu nakuomba."

Hakumwambia Kadra chochote. Alifikiria kumwambia, akaona kwamba maneno yale yakitoka kinywani mwa Kadra, watu watasema binti ametunga uongo wa pili kuufunika wa kwanza. Yalitaka kutoka kwa aliyeulizwa na karani.

* * *

Ukumbi ulijaa kuliko siku za kampeni. Wanaume waliketi mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye mikeka, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Gumato alipokuwa akiingia alimwona punda wao amefungwa nje kando ya ukuta, amebebeshwa ngozi, sufuria na vitu vyote vya mumewe. Mwenyewe hakuonekana.

Mwalimu Buya alimkaribisha Kadra kwa maneno mengi mazuri, na Kadra akafunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, akaanza kutundika picha kubwa za manila kwa vibanio vya nguo. Alizichora upya, kubwa, ili walio nyuma nao waone.

"Watu wananiuliza kwa nini najichora mwenyewe na watu wetu," alisema. "Nilijaribu kuchora wengine. Nilichora wafalme, nikachora majambazi wa Nairobi wenye bastola. Mkono ulikataa, kwa sababu sijui mfalme anaketi vipi. Lakini mama akibeba maziwa najua bega lipi linashuka."

Watu walicheka kwa wema. Mzee mmoja akainua fimbo akalalamika kwamba punda wake amechorwa mbavu nje na hakuwa hivyo. "Mzee wangu," Kadra alimjibu, "mwaka ule nani hakuwa mbavu nje?" Kaviha naye, palepale mkekani, akauliza kwa nini basi yeye peke yake alichorwa mnene kama pipa, na ukumbi ukaangua kicheko hata Kadra akaziba uso kwa karatasi. Gumato aliona mwanawe anapendwa na watu, na fahari yake ya zamani ikamrudia kidogo.

Ndipo Jibril aliposimama. "Binti, hizi tumeziona. Tuonyeshe ile ya foleni."

Mwalimu Buya alisema labda waendelee na nyingine, lakini sauti nyingi zikaitikia, "Ya foleni! Ya foleni!" Kadra alisimama na karatasi imekunjwa mkononi. Alimtafuta mama yake kule nyuma kwa macho. Gumato alimwitikia kwa kichwa, mara moja.

Kadra akaitundika. "Ndiyo hii. Nimeambiwa niseme ni uongo. Sisemi, kwa sababu niliiona."

Ukumbi ulilipuka. Mtu akaita, "Mama Foleni!" na mwingine akapiga mluzi. Gumato akashika bega la Kaviha, akasimama.

"Hiyo picha ni kweli," alisema.

Hakuwa amewahi kuzungumza mbele ya watu wengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, lakini kelele zilipungua kwa mshangao wa kumwona.

"Ni kweli, lakini si yote. Mtoto aliona kwa mbali. Mimi nilikuwa ndani ya foleni. Karani anauliza, jina la mume? Mimi nanyamaza. Nyinyi wanaume wa kwetu mnajua kwa nini nanyamaza. Anasema, toka. Natoka na karai tupu. Tuko wengi tumetolewa. Kesho yake baba Kadra anakuja, anasimama nyuma yangu, anajitaja mwenyewe, ndiyo tunapata kula. Halafu wengine wanamwambia, kaka, na mimi. Anarudi mwisho. Anarudi tena. Siku nzima, juani, ndani ya matope, anawatajia wake za watu majina ya waume zao. Hao wanawake kwenye picha hawamcheki. Wanafurahi. Wameshiba kabla ya kula."

Ukumbi ulikuwa kimya sasa, lakini Jibril hakuwa mtu wa kuacha kimya kipite. "Maneno matamu," alisema. "Mke amtetee mumewe, ni haki yake. Lakini hao wenzako ni akina nani? Wataje!"

Jina la Halima lilimfika Gumato kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa tamu. Alimtazama Jibril na shati lake safi, akamkumbuka akisema "alijitanda leso ya rangi gani," akaona jinsi neno moja tu lingemkalisha chini mbele ya mji mzima. Kisha akamkumbuka mumewe zizini, akalimeza.

"Hao siwataji," alisema.

"Kwa sababu hawapo!"

"Nipo mimi." Halima alikuwa amesimama upande wa wanawake, mtoto mgongoni. Hakupaza sauti. "Baba watoto, uliporudi kutoka Malindi ulitukuta tunakula mahindi ya manjano. Hukuniuliza yametoka wapi. Ukawaambia watu uliyatuma wewe, nami nikakustahi nikanyamaza. Watoto wako walikula kwa mdomo wa yule mzee unayemwita mama."

Jibril alishika mgongo wa kiti chake. Aliketi, na kiti kikalia. Nyuma ya ukumbi wanawake wakaanza kusimama mmoja mmoja, wengine wakisema "Na mimi," wengine wakisimama tu.

Kadra alikuwa ameganda mbele ya picha yake. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Akaitoa karatasi kwenye kamba, akaigeuza upande wake mweupe, akaibandika ukutani, akachukua kalamu nene akaanza kuchora pale pale. Watu wakanyoosha shingo. Ikatokea meza, akatokea karani na matope yake, akatokea mwanamke mwenye karai, bega moja limeshuka. Nyuma ya mwanamke akatokea mwanamume na fimbo mabegani, safari hii kichwa kimeinuliwa. Juu ya karani Kadra alichora kiputo cha maneno akaandika, huku akisema kwa sauti ili wasiosoma wasikie: "Jina la mume?" Kisha mbele ya mwanamke akachora kiputo kingine, akasita.

"Mama," alisema, "hapa ulinyamaza. Nikiache kitupu?"

Gumato alikitazama kile kiputo. Mahali patupu kama pale ndipo palipowalaza na njaa. Na mumewe ndiye aliyekwenda kupajaza, akapanga foleni tangu asubuhi hadi jioni kwa ajili hiyo, na malipo yake ni kwamba mji mzima sasa umemvua jina na kumpa la kejeli. Siku hizi zote hakuna aliyemwita kwa jina lake. Waliolijua walikuwa hawalitumii, naye mkewe alikuwa hajawahi.

"Usikiache," alisema. "Siku ile alilisema yeye kwa ajili yangu. Mimi nimeishi naye tangu nikiwa msichana na sijalisema hata siku moja, si mbele yake wala nyuma yake. Nyinyi mmelitupa. Leo nalisema mimi, mlisikie, na kuanzia leo mumwite hivyo."

Alivuta pumzi. Ulimi ulikuwa mzito, haukujua njia.

"Anaitwa Halkano."

Wazee wa mbele waligeuka wote pamoja. Gumato alihisi uso unamwaka, akatamani kuketi, lakini alikuwa amejiambia hataketi mpaka walipokee, basi akabaki amesimama.

Na kutoka nje ya dirisha, upande wa punda, sauti nzito ya mwanamume ikajibu kama watu wanavyojibu wakiitwa kwenye meza ya karani:

"Nipo."

* * *

Walimkuta nje amesimama, fimbo mabegani, anatazama barabara kana kwamba barabara ina jambo jipya. Watu walikuwa wakitoka ukumbini, na kila aliyempita alimsalimia kwa jina lake, wengine mara mbili. Jibril alipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini, kisha akasimama, akarudi, akampa mkono. Halkano aliupokea, akamwuliza hali ya biashara, akamwachilia.

"Kadra," alisema.

Kadra alishtuka kuitwa. "Naam, baba."

"Shika kamba ya punda huyu. Na ile fimbo yangu umeichora fupi. Hata kwenye kitabu ni fupi."

"Nitairefusha, baba."

"Irefushe."

Hakuna aliyetaja Ndera. Walirudi njia ya madukani, Kadra mbele na punda na mizigo yake yote, sufuria zikigongana, wazazi nyuma. Mbele ya duka la Farah Halkano alisimama, akakumbuka sukari. Watu walikuwa wamepanga, wanawake wengi na wanaume wachache, na walipomwona wakaanza kusogea.

"Mpisheni mzee Halkano," mtu alisema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Pita mbele, mzee."

"Niacheni," alisema Halkano. "Foleni naijua."

Akaenda mwisho kabisa, nyuma ya mwanamke mwenye chupa ya mafuta, akailaza fimbo mabegani akaining'iniza mikono. Gumato akaenda kusimama kando yake. Foleni ilikuwa ikisogea kidogo kidogo.

"Mama Kadra," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Naam."

"Lile jina. Usilizoee."

"Jina gani?" Gumato aliuliza, akajifunika mdomo kwa leso, na foleni ikasogea hatua moja mbele.